Rafadha katika kuwasha ndege ya majini ya turbopropu

Rafadha ya ndege ya majini ya turbopropu ni chombo chenye mapanga kinachozungushwa na injini ya turbini ili kuivuta ndege inayoelea, kuruka na kutua juu ya maji. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita pangaboi. Kazi yake kubwa iko angani, lakini tofauti kati ya ndege hii na ile ya uwanjani huonekana zaidi wakati wa kuwasha injini, kwa sababu ndege inayoelea haina breki. Mara rafadha inapoanza kuvuta hewa, ndege huondoka. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo rubani anapaswa kulijua kabla ya kuwasha ni mkao wa mapanga.

Makala hii inahusu ndege za injini, wala si ndege wa majini kama bata na mwari. Kiswahili hutenganisha viumbe hao na mashine kwa upatanisho wa sarufi tu.

Tatizo la kuwasha majini

Rubani wa ndege ya magurudumu hukanyaga breki, huwasha injini, husoma mita zake kwa utulivu, kisha huondoka akiwa tayari. Ndege inayosimama juu ya maboya mawili haina nafasi hiyo. Hata ile yenye magurudumu yanayochomoza chini ya maboya, yaani inayoweza kutua pia nchi kavu, haipati msaada wowote wa breki ikiwa majini. Kinachoishikilia ni kamba iliyofungwa gatini, au mkono wa mtu aliyesimama gatini akishika mkia au bawa.

Kamba ikifunguliwa kabla injini haijawaka, ndege huanza kuelea inakopelekwa na upepo na mkondo. Mkia wake mrefu hushika upepo, na pua hugeuka kuelekea upepo unakotoka, rubani apende asipende. Injini ikigoma kuwaka hapo, ndege inaweza kufika kwenye mawe, kwenye mashua zilizotia nanga au kwenye gati la jirani. Kamba nayo ikifunguliwa baada ya injini kuwaka, anayeifungua anafanya kazi mita chache kutoka kwenye mapanga yanayozunguka, tena juu ya mbao zenye maji. Hatari hizo mbili zinavutana, na mfumo wa rafadha ndio unaoamua ni ipi itakayopungua.

Katika ndege za zamani za injini za pistoni, hasa zile zenye rafadha isiyobadilika pembe, hakukuwa na uchaguzi mkubwa: injini ikishika moto, rafadha inavuta papo hapo. Turbini ilileta njia nyingine. Kampuni ya de Havilland Canada ilirusha Turbo Beaver, ndege yake ndogo ya Beaver iliyofungwa injini ya turbini ya PT6A, kwa mara ya kwanza mnamo Desemba 1963. Twin Otter yenye injini mbili za aina hiyohiyo ilifuata mwaka 1965. Ndege hizo zote zilipata sifa katika nchi ya maziwa na misitu, ambako maji ndiyo uwanja wa ndege.

Pembe ya mapanga

Ili kuelewa yanayofuata, tazama feni ya darini iliyozimwa. Kila panga lake limepindwa kidogo. Kama mapanga hayo yangelazwa bapa kabisa, yangekata hewa kama kisu: feni ingezunguka kwa wepesi, lakini hakuna upepo ambao ungefika chini. Kama yangesimamishwa wima, kila panga lingepiga hewa kwa uso wake wote kama ubao. Mota ingelemewa, feni ingezunguka polepole, na bado aliyeketi chini asingepata upepo wa maana, maana hewa ingekorogwa tu kuzunguka. Upepo hupatikana katikati ya mikao hiyo miwili.

Rafadha ya turbopropu ni feni ambayo mapanga yake yanaweza kugeuzwa wakati wowote, kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Katika makala hii mkao wa bapa unaitwa kulala, na ule ambao ukingo wa panga unatazama mbele ya ndege unaitwa kusimama. Marubani huuita huu wa pili mkao wa unyoya. Angani una faida kubwa: injini ikifa, mapanga yaliyosimama hupasua upepo kwa ukingo na hayaizuii ndege kuendelea kuteleza hewani. Zaidi ya kulala kuna mkao wa tatu, ambapo panga hupita bapa na kuinamia upande wa pili. Hapo hewa husukumwa kwenda mbele na ndege hurudi nyuma.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba rafadha inayozunguka kwa kasi zaidi ndiyo inayovuta zaidi. Sivyo. Rafadha iliyolala inaweza kuzunguka kwa kasi na kelele nyingi bila kuvuta karibu chochote, na ile iliyosimama nayo haivuti, ijapokuwa inazunguka polepole. Kuna njia mbili za kuwasha injini bila kuondoka gatini, na kila moja imechukuliwa na aina yake ya injini.

Injini ya turbini huru

Injini iliyoenea zaidi katika ndege za majini za leo ni PT6A ya kampuni ya Pratt & Whitney Canada. Inatumika katika Twin Otter, katika Cessna 208 Caravan, na katika ndege nyingi za zamani za Beaver na Otter zilizobadilishwa injini.

Ndani yake mna sehemu mbili zinazozunguka ambazo hazikuungana kwa chuma. Sehemu ya kwanza ina kompresa na turbini inayoizungusha. Hii huvuta hewa, huibana, huichanganya na mafuta katika chumba cha mwako na kutoa gesi ya moto. Gesi hiyo hupita na kugonga turbini ya pili, ambayo inaizungusha rafadha kupitia giaboksi. Giaboksi ni ya lazima: turbini ya pili huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, ilhali rafadha ya Caravan hairuhusiwi kupita 1,900. Kiungo pekee kati ya sehemu hizo mbili ni upepo wa moto, kama feni moja inayopulizia nyingine iliyozimwa mpaka nayo ianze kuzunguka.

Matokeo yake ni kwamba stata ya umeme inapoanza kazi, inazungusha kompresa peke yake. Rafadha haiielemei, kwa hiyo mapanga yanaweza kuwa katika mkao wowote bila kudhuru uwashaji. Na mkao wanaokutwa nao ni wa kusimama. Sababu iko ndani ya kitovu cha rafadha. Humo mna pistoni inayosukumwa na oili ya injini. Presha ya oili huyapeleka mapanga upande wa kulala, na ikizidishwa huyafikisha kwenye mkao wa kurudi nyuma. Springi yenye nguvu, ikisaidiwa na vyuma vizito vilivyofungwa kwenye kitako cha kila panga, huyarudisha upande wa kusimama. Injini ikizimwa, oili huvuja kutoka kitovuni, springi inashinda, na mapanga husimama yenyewe. Ndiyo maana katika picha ya Caravan au Twin Otter iliyoegeshwa, ukiitazama kutoka mbele, mapanga huonekana membamba: unaona ukingo wake tu.

Katika Caravan, kiwanda kinataka kompresa ifike angalau asilimia 12 ya kasi yake kamili kabla ya mafuta kufunguliwa. Rubani husogeza wenzo wa mafuta, plagi huwasha moto, na joto la gesi hupanda ghafla. Hapo macho yake hayabanduki kwenye mita ya joto. Injini ya Caravan inaruhusiwa kufika nyuzi 1,090 za Selsiasi wakati wa kuwasha, tena kwa sekunde mbili tu. Betri dhaifu ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa kompresa inayozunguka taratibu haileti hewa ya kutosha kupoza moto. Mambo yakienda vizuri, kompresa hujiongezea kasi hadi kiasi cha asilimia 52, na stata huzimwa.

Wakati huohuo rafadha huanza kugeuka taratibu. Linalofuata linategemea wenzo wa rafadha. Ukiwa umesukumwa mbele, presha ya oili inapopanda mapanga huacha kusimama na kulala hadi pembe ndogo, kasi ya rafadha huongezeka, na mvuto huanza. Hivyo ndivyo Caravan huwashwa kwa kawaida uwanjani. Rubani wa majini anaweza badala yake kuuacha wenzo huo nyuma kabisa, kwenye unyoya. Oili haiingii kitovuni, mapanga hubaki yamesimama, na rafadha inakoroga hewa polepole huku injini imeshawaka, mita zote zinasomeka na umeme upo. Kamba bado imefungwa. Hiyo ndiyo nafasi ambayo ndege ya pistoni haikuwa nayo: rubani anajua kwamba injini ni nzima kabla ya kuachana na gati.

Isidhaniwe kwamba rafadha iliyosimama haina madhara. Mvuto mdogo upo, na panga linalozunguka polepole huua sawa na la kasi. Pengine ni baya zaidi kwa kuwa halitishi.

Gavana na beta

Neno gavana si geni kwa abiria wa matatu: ni kifaa kinachozuia gari kupita kasi fulani. Rafadha nayo ina gavana. Kifaa hiki kina pampu ndogo inayoongeza presha ya oili ya injini kabla ya kuipeleka kitovuni, na hupima kasi ya mzunguko. Rafadha ikikimbia kupita kiasi, gavana hupunguza oili, mapanga husimama kidogo, hewa huwa nzito na kasi hushuka. Ikizorota, huongeza oili.

Majini, injini ikiwa katika mwendo wa chini, rafadha huwa inazunguka taratibu kuliko gavana anavyotaka. Angeachiwa, angejaza oili bila kikomo mpaka mapanga yalale, yapite bapa na kuanza kuisukuma ndege nyuma. Kinachomzuia ni valvu iliyounganishwa na mapanga yenyewe: yakifika pembe iliyowekwa, valvu hufunga oili. Pembe hiyo huchaguliwa na rubani kwa wenzo wa nguvu, na eneo hili ambamo mkono wake unatawala pembe ya mapanga moja kwa moja huitwa beta. Ndani ya beta anaweza kutafuta mahali ambapo mvuto ni karibu sifuri, akasogea mbele hatua chache, au akarudi nyuma. Kwa ndege isiyo na breki, beta ndiyo breki.

Kuna sharti moja linalosahaulika kwa urahisi. Beta hufanya kazi kwa oili. Injini ikiwa imezimwa, kuvuta wenzo wa nguvu hadi eneo la kurudi nyuma hakugeuzi panga lolote, bali kunaweza kuharibu viungo vya fito na kebo. Na mapanga yakiwa yamesimama, beta haipatikani mpaka oili ijae tena kitovuni. Sekunde hizo ni chache kwenye saa, lakini ni nyingi kwa ndege inayoelekea ukingo wa zege.

Twin Otter katika Maldivi

Mahali pazuri pa kuona haya yote ni visiwa vya Maldivi, ambako kampuni ya Trans Maldivian Airways inarusha makumi ya Twin Otter zenye maboya. Watalii hupelekwa kutoka uwanja wa Velana, karibu na mji wa Malé, hadi hoteli za visiwani. Katika visiwa vingi gati lenyewe ni jukwaa dogo linaloelea, limetiwa nanga mbali kidogo na ufuko. Marubani wawili na mhudumu mmoja huendesha safari, mara nyingi bila viatu, na mhudumu huyo ndiye anayeshughulikia kamba.

Injini mbili zinaongeza ugumu na pia uhuru. Ikiwashwa moja na mapanga yake yakalala huku ya pili bado imekufa, mvuto wa upande mmoja huizungusha ndege kama mtumbwi unaopigwa kafi upande mmoja. Dawa yake ni kuacha mapanga ya injini iliyotangulia yakiwa yamesimama hadi mwenzake awake, kisha kuyalaza yote mawili pamoja. Baada ya hapo ugumu hugeuka faida: upande mmoja ukivuta mbele kidogo na mwingine ukirudisha nyuma, ndege inaweza kugeukia karibu mahali ilipo. Usukani mdogo wa majini ulio nyuma ya maboya hauwezi kufanya hivyo peke yake upepo ukiwa mkali.

Injini ya shafti moja

Injini ya TPE331, iliyobuniwa na kampuni ya Garrett na sasa ni ya Honeywell, imechukua njia ya pili. Ipo katika baadhi ya ndege za Otter zilizobadilishwa injini na zinazoruka kwa maboya huko Alaska. Humo kompresa, turbini na giaboksi ya rafadha vimeungana kwenye shafti moja. Ukizungusha rafadha kwa mkono, unazungusha injini nzima. Kasi kamili ya shafti hiyo ni mizunguko 41,730 kwa dakika.

Kwa injini kama hii, mapanga yaliyosimama ni balaa wakati wa kuwasha. Stata ingelazimika kuzungusha kompresa pamoja na mbao kubwa zinazopiga hewa. Kasi isingepanda, na moto ungewaka katika hewa chache na kuunguza turbini. Mapanga lazima yawe yamelala. Lakini springi na vyuma vizito vipo hapa pia, navyo huyasimamisha mara oili inapotoka. Kwa hiyo kitovu kina pini za kufungia. Rubani anapozima, huvuta wenzo wa nguvu kwenye eneo la kurudi nyuma wakati kasi inapungua. Mzunguko ukishuka vya kutosha, springi ndogo huzisukuma pini ndani, nazo huyashika mapanga yakiwa bapa. Ndege ya namna hii ikiegeshwa, anayeitazama kutoka mbele huona mapanga mapana.

Safari inayofuata, injini huwaka na rafadha huzunguka kwa kasi mara moja, kwa kelele kali, lakini bila mvuto wa maana kwa sababu pini bado zimeshika. Rubani akiwa tayari, husogeza wenzo nyuma kidogo. Kitendo hicho huondoa uzito wa mapanga juu ya pini, na nguvu ya mzunguko huzirusha nje. Tangu hapo mapanga yako huru na ndege ni ya kuendeshwa. Akisahau hatua hii na kusukuma nguvu, mapanga yatabaki yamelala na ndege haitavuta inavyopaswa.

Je, kama alizima vibaya na pini hazikushika? Ipo pampu ya umeme inayoweza kupeleka oili kitovuni wakati injini imezimwa, ili kuyalaza mapanga mpaka pini ziingie. Inakula betri, na betri ndiyo inayohitajika dakika chache baadaye.

Ipi ni bora majini? TPE331 humpa rubani jibu la haraka: pini zikishatoka, rafadha tayari ina kasi, na mvuto wa mbele au wa nyuma huja papo hapo bila kusubiri. PT6A humpa utulivu gatini na makelele machache. Penye gati finyu na watu wengi, mkao wa kusimama una faida iliyo wazi, kwani rafadha inazunguka polepole huku kamba zikifunguliwa. Penye upepo mkali na nafasi ya kutosha, haraka ina thamani yake.

Kurudi gatini na kuzima

Kuzima ni kuwasha kunakorudi nyuma, na hapa makosa ya kukadiria umbali huonekana mbele ya watu wote. Rubani wa PT6A hukaribia gati kwa mwendo wa mtu anayetembea, akitumia beta kupunguza kasi. Akiona mwendo uliobaki unatosha kumfikisha, huvuta wenzo wa rafadha kwenye unyoya. Mvuto hufifia, ndege huteleza kwa mwendo wake wenyewe, na mafuta hukatwa. Akiyasimamisha mapanga mapema mno, hafiki, na upepo humchukua. Akichelewa, anafika na rafadha inayovuta. Na akishayasimamisha, hana tena njia ya haraka ya kurudi nyuma.

Maji yenyewe hula mapanga. Matone yanayorushwa na maboya hugonga ncha za panga kwa nguvu ya changarawe, kwa hiyo nguvu kubwa haiongezwi kwa ghafla ndege ikiwa bado inatambaa. Baharini kuna chumvi pia, ambayo hutulia ndani ya kompresa. Injini huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikizungushwa na stata bila mafuta, na rafadha hupanguswa pamoja na viungo vyake.

Afrika Mashariki

Ndege za majini zilikuwa jambo la kawaida kwetu kabla ya turbopropu. Kuanzia mwaka 1937 mashua kubwa za angani za Imperial Airways zilitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea kusini mwa Afrika. Baada ya vita ziwa Naivasha nalo lilitumiwa na ndege za BOAC hadi mwaka 1950. Zote zilikuwa za pistoni, zenye injini nne. Zilifungwa kwenye maboya ya nanga mbali na ufuko, na abiria waliletwa kwa mashua, mpango ambao uliwaweka watu mbali na rafadha. Caravan na Twin Otter zinafahamika sana katika viwanja vya Kenya na Tanzania, lakini zikiwa juu ya magurudumu. Anayetaka kuona mapanga yaliyosimama anaweza kuyaona hapo, ndege ikiwa imezimwa.